Jiwe Lililoshuka Paani kwa Belaid

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Faroudja Ait Ouarab. Umri: miaka 61. Kazi: mkulima wa zeituni. Makazi: kijiji cha Ighil Tazemmurt, milima ya Kabylia, Algeria.

Mimi ni shangazi yao Belaid na Ouali. Nyumba yangu inatazamana na ile waliyoachiwa na baba yao. Nilichokiona nimekiona, sina haja ya kuumauma maneno.

Mwezi wa Oktoba walibishana uani, maana paa la vigae lilikuwa linavuja. Ouali, mdogo mtu, alitaka vigae vipya. "Kaka, vigae vitatuzika sisi na wanetu. Hata mnunuzi akija, paa ndilo analotazama kwanza."

Belaid akacheka. "Kaa usubiri tiwizi basi! Kijiji kizima kije kukukandia udongo wa kulazia vigae bure, wakishavuna zeituni. Mabati ni siku moja tu!"

"Ezeka. Lakini utajuta."

Neno hilo ndilo lililomtia Ouali mahabusu. Kwetu ndugu huambiana hivyo kila kukicha.

Belaid akaezeka mabati. Kisha akapanga mawe juu yake, kama baba yake alivyofanya kwenye vigae ili upepo usivibebe. Nilimpigia kelele dirishani: "We Belaid! Kigae kinashika jiwe, bati linateleza!" Akanijibu, "Shangazi, angalia sufuria yako." Haya, nikaangalia sufuria yangu.

Mnamo tarehe 14 Novemba, yapata saa nne asubuhi, upepo ulivuma vibaya. Belaid alipotoka mlangoni, niliona jiwe la ukingoni likiserereka, likamwangukia begani. Ouali alikuwa njiani kwa chini, amejitwika gunia la zeituni. Akalibwaga, akakimbia kumwinua kaka yake. Majirani walipofika walimkuta Ouali ana damu mikononi, wakakumbuka lile neno, wakasema yeye ndiye aliyelirusha.

Jana nilikwenda hospitali. Nikamuuliza Belaid, "Ulimwona nduguyo akirusha jiwe?"

Akageukia ukutani. "Sikumwona. Lakini nikisema ni paa langu, Shangazi, atanicheka mpaka naingia kaburini."

Wallahi, nusura nimzabe kofi mgonjwa yule. Mtu afungwe kwa ajili ya bati!

Hayo nimeyaona kwa macho yangu, nimesomewa, na ndivyo nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: F. Ait Ouarab

Maelezo ya afisa: Nimekwenda kulikagua paa hilo mwenyewe. Nikiwa bado kwenye ngazi, jiwe jingine limenipita sikioni. Ouali ameachiwa leo.