Tua Gunia, Shemeji

Jumamosi, 8 Februari 2025

Mke wangu Roza amekufa. Juzi asubuhi. Kazama hapo hapo mwaloni, boti zinaposhusha mizigo, mbele ya watu, mbele yangu.

Alikuwa anashuka kwenye boti na dagaa wake, anatoka kisiwani. Ubao wa kushukia una utelezi. Mguu ukaenda. Akaangukia upande wa kina. Sio mbali! Ningevua kandambili nikaitupa ingemfikia. Makuli tulikuwa tumejaa pale, wanaume wazima, vifua kama milango. Nikaingia mpaka maji kidevuni, miguu ikakosa pa kukanyaga, nikarudi. Hamna hata mmoja anayejua kuogelea. Na kazi yetu ni majini! Tunafuata magunia botini maji yako kifuani, tunarudi nayo kichwani. Kila siku.

Mzee Pius, aliyetutangulia wote pale mwaloni, akasema tumwache. Eti ziwa likishika mtu, ukilinyang'anya linakubeba wewe. Watu wakatulia. Wakamsikiliza! Wavuvi wanaojua maji walikuwa wamelala, walikesha ziwani. Kuja kuamshwa, imeisha.

Naandika kwenye daftari la shule la Precious, binti yetu. Kamaliza fomu foo, halitaki tena. Humu ndani sina wa kugombana naye. Nilikuwa nagombana na Roza.

Jumatano, 19 Februari

Tumerudi. Tumemzika kwetu Magu.

Okech, mdogo wake Roza, alinisema mbele ya watu wote. Mvuvi huyo, Mjaluo wa Shirati, kazaliwa kwenye maji. Kasema, wee ngosha, Msukuma wewe, umekaa ziwani mpaka mvi zimetoka, hata kuelea kama chura hujui? Dada yangu kaolewa na mchunga ng'ombe! Nilitaka kumpiga. Ndugu zangu wakanishika.

Sikumpiga. Kasema kweli. Ndiyo kinachoniuma.

Leo Precious naye. Anasema atashika biashara ya mama yake. Atakwenda kisiwani, ataleta dagaa, wateja wa mama wako sokoni Igoma wanasubiri. Nikasema hapana. Akasema, baba, tutakula nini sasa? Mawe? Mawe tunayo, tumejenga juu yake.

Nikasema hapana mara ya pili. Akaenda kuosha vyombo. Ana kiburi cha mama yake yule. Atakwenda tu.

Jumapili, 23 Februari

Nimekwenda kwa Okech. Nikamwambia, nifundishe.

Akacheka. Halafu akaniangalia, akaacha.

Tulikwenda nyuma ya yale majabali, upande ambao kina mama wanafua. Akanishika tumbo kwa chini, kama mtoto. Mimi! Nikanywa maji, yakapita puani. Kina mama wakaacha kufua. Mmoja kasema, jamani, mzee anabatizwa! Mwingine kasema, mchungaji mzamishe tena, dhambi hazijatoka.

Nimerudi nimelowa.

Alhamisi, 27 Februari

Miguu inazama. Tu. Napiga mikono kama kichaa, miguu inakwenda chini kama nanga. Okech anasema legea. Legea, legea! Nilegee vipi kwenye maji yaliyomuua mke wangu? Nimelitukana lile ziwa. Kwa Kisukuma, lielewe.

Jumapili, 2 Machi

Leo Okech kagundua tatizo langu. Kanitazama kwa muda, halafu kasema, shemeji, tua gunia.

Nikasema gunia gani, acha utani wako.

Kasema, hilo la kichwani. Huna habari kwamba umelibeba?

Ni shingo. Kuli anafundishwa siku ya kwanza — kichwa juu, shingo ngumu, macho mbele. Ukiinamisha kichwa gunia linakwenda majini na tajiri anakufukuza. Nimeishika shingo hivyo toka ujana. Hata nikilala nafikiri imesimama. Sasa kwenye maji kichwa kikipanda miguu inashuka. Ndivyo ilivyo, kama ubao wa bembea, huku juu huku chini.

Okech akanikamata kisogo akanizamisha uso. Nikampiga. Ngumi ya kweli, ya shavu. Nikafikiri sasa basi, ataniacha huku.

Akatema mate, akasema, haya, yapige maji hivyo hivyo.

Nikaweka uso mwenyewe. Miguu ikapanda! Yenyewe!

Jumamosi, 8 Machi

Naelea. Nasogea. Shida sasa ni pumzi. Okech anasema geuza shingo pembeni, vuta hewa, rudisha. Mimi nageuka mzima, kama lori kwenye kichochoro. Kuli hageuzi shingo, anageuka na mguu. Kasema, mwili uache, hajakuita mtu, geuza shingo tu.

Leo nilifungua macho chini. Kijani. Kimya. Hakuna kitu. Nikafikiri, hiki ndicho alichokiona mwisho. Nikatoka juu natapika. Okech naye alikuwa ameangalia kwingine, anajifuta uso, na alikuwa hajaingia majini.

Jumatano, 12 Machi

Mzee Pius kanikuta natoka majini. Nikamwamkia kwanza. Shikamoo. Marahaba. Halafu akasema aliyefiwa kwa maji haingii majini mpaka mwaka uishe, nalichokoza ziwa, litarudi kwenye nyumba yangu.

Nikamwambia, mzee, ulimi wako ndio uliomuua Roza. Ziwa lilimshika, wewe ukafunga mlango.

Kasema, mwiko huo hata baba yangu aliusema, na baba yake.

Nikasema basi wote mmeua.

Sijutii. Nimejaribu kujutia, imekataa.

Ijumaa, 14 Machi

Precious kaenda. Kaondoka na boti wakati niko majini na Okech! Kaacha ugali kwenye sufuria, kafunika na sahani. Kamwambia jirani atarudi Jumatatu asubuhi na mzigo.

Nimekula ule ugali kwa hasira. Wote.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimeogelea pale pale. Mwaloni. Toka kwenye ubao mpaka mahali Roza aliposhikwa, na kurudi. Makuli wote wanaangalia. Mihayo, tunayebeba naye, kapiga kelele, oyaa, ng'ombe kavuka! Wakapiga makofi. Sikucheka. Miguu bado napiga kama punda, lakini nilifika. Ilikuwa karibu. Karibu hivyo! Nimesimama ukingoni nimekasirika kuliko siku ile.

Halafu Okech akasema, sasa mimi ndio nazama, niokoe.

Nikamfuata. Akanirukia. Akanikumbatia shingo, ananipanda, ananisukuma chini, macho kayatoa kama mtu anayekufa kweli. Shingo ikarudi kuwa ngumu. Gunia lilelile. Tukazama wote wawili. Nikampiga teke la tumbo, nikamwacha, nikatoka peke yangu.

Alipopata pumzi kasema, umeniacha.

Nikasema ndiyo.

Kasema, mtu anayezama hakusubiri ujiandae, shemeji. Anakushika hivyo hivyo. Unakwenda kwa nyuma yake, unamkamata kidevu, humpi uso wako.

Kwa nini hukuniambia mwanzo!

Kasema, ungesikia?

Tukarudia. Akanizamisha tena. Tukarudia mpaka jua likaingia. Mara moja nilifika nyuma yake. Mara moja tu, na hapo alikuwa amechoka.

Nimekwenda kwa Chenge, msimamizi wetu. Nimemwambia ule ubao agongelee mbao za kukanyagia. Kasema ataona. Nikamwambia kesho sishiki gunia la mtu, nasimama upande wa kina, kichwa kitupu, mpaka binti yangu akanyage nchi kavu. Anaangalia simu.

Nimepita pale wakati wa kurudi. Ubao ni ule ule. Nimeukanyaga. Unateleza.

Kesho narudi kazini, upande wa kina, kichwa kitupu, namsubiri Precious.