Koti la Steringi

Mongolia, 12 Mei 2023

Mama, shikamoo. Hamjambo hapo Lipingo? Mguu wako unaendeleaje? Mimi mzima, ila vumbi la huku linaingia hadi kwenye meno. Wakorea walionichukua kwenye shamba la farasi Iringa wanatengeneza filamu ya makauboi: kofia pana, bastola, farasi mia, na wote wanagombana kwa Kikorea. Kazi yangu ni kupigwa risasi za uongo na kuanguka toka juu ya farasi. Leo nimekufa mara tatu.

Mwanao, Raimundi

Lipingo, 3 Julai 2023

Marahaba mwanangu. Mguu unapona, na dagaa wetu wa usipa ni tele, tunaanika mpaka juu ya paa. Lakini kuanguka nako ni kazi? Usiandike tena neno hilo la kufa. Waombe wakupe kulisha farasi.

Mama yako, Albina

Mongolia, 20 Agosti 2023

Mama, shikamoo. Kesho tunavuka daraja tukifukuzwa na majambazi, nalo litalipuliwa nyuma yetu. Anayeanguka badala ya steringi, yule mchezaji mkuu wa filamu, amevunjika bega, koti lake jekundu nimevishwa mimi. Nilimwambia bosi, "Farasi huyu anaogopa mlio." Akajibu, "Basi mkimbize." Naogopa, Mama. Nikikataa wananirudisha. Nitakuandikia jioni, tukimaliza.

Mwanao, Raimundi

Lipingo, 15 Desemba 2023

Mwanangu, hujambo? Dada yako Devotha anapiga namba yako, anapokea mtu asiyejua Kiswahili, anakata. Niandikie mstari mmoja. Hata wa uongo.

Mama yako

Lipingo, 2 Oktoba 2024

Raimundi mwanangu, sijui nikusalimie vipi. Hamidu mwenye banda la video Mbinga alituma habari kwamba filamu ya makauboi wa Kikorea imefika. Nikaenda na Devotha. Nilikujua kwa mgongo tu. Daraja likalipuka, farasi akakuangukia, moshi ukatanda. Halafu steringi akatokea ng'ambo na koti lile lile, anacheka, na uso si wako. Banda zima likapiga makofi. Nililia kwa sauti, wakaniambia, "Mama, tulia, ni filamu tu."

Walipotoka nikamwomba Hamidu arudishe nyuma. Akarudisha mara saba. Kabla moshi haujakufunika, mkono wako wa kushoto unasogea. Hamidu anasema ni upepo. Upepo gani unakunja vidole?

Jumatatu napanda basi kwenda Iringa, kwenye shamba walikokuchukua. Sitabanduka mlangoni kwao mpaka waseme walikupeleka wapi. Barua hii Devotha ataipeleka posta. Kama mkono ule unashika kalamu, jibu.

Mama yako, Albina