Jiwe Lisilo na Tarehe

Lick Fork, Kentucky
Aprili 9, 2019

Kwa binti yangu Retta,

Salamu sana. Hali yako? Mimi ni mzima wa afya, na uzima huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Jana shangazi yako Nola kaja kutoka Dayton na gauni jeusi, paja la nguruwe la kuokwa na sinia la mayai, vyakula vyetu vya msibani. Nilipomfungulia mlango alipiga yowe mpaka kuku wakakimbilia chini ya pikapu. Nikamwuliza, "Dada, nani kafa?" Akanitolea albamu yako mpya.

Kwenye jalada kuna picha ya jiwe la kaburi la mama yako, na jina langu limechongwa kando ya lake kama tunavyofanya sisi: Orval Stidham, na mwaka niliozaliwa. Pale pa tarehe ya kufa, ambapo mchongaji aliacha wazi akinisubiri, wewe umepafunika maua. Maua, Retta.

"Hata redioni Retta amepewa pole," Nola akasema. Nikamwambia basi tusikae matanga na njaa, tukalimaliza paja.

Santuri nimeisikiliza. Wimbo wa mwisho unasema nimelala ubavuni mwa mama yako, "hatimaye amenyamaza." Nani kanyamaza? Ondoa jalada hilo kabla maiti haijaja huko Nashville kukuchapa.

Baba yako, aliye hai


Nashville, Aprili 20

Baba,

Shikamoo. Nashukuru u mzima, tena mzima wa kutosha kukasirika.

Jalada haliondoki. Mimi sina kampuni nyuma yangu. Majalada yamekwisha kuchapwa, yamejaa chumbani mpaka nalala nayo, na santuri naziuza mwenyewe kutoka kwenye buti la gari. Na ndiyo, mtangazaji aliniambia pole, nikasema asante. Unajua kwa nini? Kwa sababu haikuwa vigumu.

Mama alikuwa akipanda basi kuja kunisikia hata kwenye baa ambazo wasikilizaji walikuwa yeye na mfagiaji. Wewe kila mara ulikuwa na kuku wa kulisha. Kuku hao wana matumbo gani, Baba? Tangu nianze kuimba hawajashiba. Aliyekufa haji, na wewe huji. Nionyeshe tofauti.

Mei 11 nazindua albamu Knoxville, kwenye ukumbi wa zamani wa sinema. Kiti cha mbele, katikati, ni chako. Nitakiwekea kofia yako, ile niliyoitoa msumarini siku ya mazishi ya Mama. Ukikaa pale, nitawaambia watu wote kwamba nimewadanganya. Usipokaa, basi wimbo ni wa kweli, na usiniandikie tena.

Binti yako


Lick Fork, Aprili 27

Kwa mwizi wa kofia,

Salamu. Kuku hawajambo, wanakusalimu.

Siji. Sipangiwi kiti na mtoto niliyemfuta kamasi kwa mkono wa shati. Mama yako alipenda kelele zako, Mungu amrehemu, lakini huyo alipenda hata mahubiri. Na huyo mtangazaji mwambie maiti anauliza, pole yake mbona haijafika?

Baba


Nashville, Mei 13

Kwa Orval Stidham,

Sikuulizi hali.

Niliimba nikikitazama kiti kile. Watu walipoiona kofia wakadhani ni kumbukumbu ya marehemu. Mama mmoja aliinuka akaiwekea ua, na wengine wakamfuata. Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli mbele yao. Nikakosa wa kumwonyesha, nikanyamaza. Santuri zote ziliisha. Sijawahi kuuza hivyo, na sijawahi kujichukia hivyo.

Pumzika salama.

Retta


Lick Fork, Mei 20

Kwa binti yangu Retta,

Salamu. U mzima? Mimi, kama ulivyotangaza, nimepumzika.

Nilikuja. Kuku niliwaachia Nola. Pikapu ilichemka njiani kama birika, nikafika umeshaanza. Pale mlangoni nikaiona kofia yangu kitini, imejaa maua, na watu wanajifuta machozi. Sasa ningekaa ingekuwaje? Kafufuka mmoja tu, na mpaka leo watu hawajamaliza kugombana. Ningekaa, ungesema ulichoapa kusema, na yale majalada ungelala nayo mpaka uzeeke. Nikasimama nyuma ya nguzo, karibu na choo, mpaka mwisho.

Kwenye wimbo wa tatu, uzi wa pili wa gitaa lako ulikuwa umelegea. Mama yako angekuambia. Kwa kuwa hayupo, nakuambia mimi. Kuhusu ule wimbo wa mwisho sitasema lolote. Niliusikia.

Usidhani hasira imeisha. Ule uongo ni wako, uutengue kwa mdomo wako, hata kama kiti ni kitupu. Mimi si kibao cha kuandikia ukweli wako.

Wakati wa kutoka nilinunua santuri ya mwisho, ingawa ninayo. Dada aliyekuwa akiziuza mezani aliniona nimelishika jalada muda mrefu. Akaniuliza, "Mzee, ulimfahamu baba yake?"

Nikamwambia, "Kidogo tu."

Kofia usiitume kwa posta. Ilete.

Baba