Laini ya Marehemu Bado Iko Kazini

Mpendwa mshauri, shikamoo, nisaidie mwenzio nimebanwa. Mume wangu alikuwa msimamizi wa zamu kwenye mtambo wa kusafisha maji, alifariki mwaka jana, na simu yake ninayo mimi kwa sababu picha zetu zote zimo humo, sasa kule kazini kuruhusu maji yaende mjini ni mpaka waingie kwenye kompyuta kwa akaunti ya msimamizi, na wakishaandika neno la siri inakuja namba kwenye simu ya mwenye akaunti, na mwenye akaunti mpaka leo ni marehemu, hakuna mwingine aliyefunguliwa yake, eti maombi yako makao makuu. Basi kila asubuhi naibu wake ananipigia, "Shemeji, umeamkaje, watoto wazima? Haya nisomee namba," nami namsomea, na sikufichi mshauri, naipenda hiyo simu, maana ndugu wa mume walishaacha kunijulia hali. Sasa wiki iliyopita maji yametoka hayajatiwa dawa, mtaa mzima umeharisha, mtoto wa jirani yangu bado kalazwa, na juzi simu ya marehemu ikalia, mtu wa makao makuu anamtaka msimamizi, nikasema hayupo, akaniambia, "Akirudi mwambie aje ajieleze, idhini imetoka kwa jina lake." Huyo naibu, shemeji yangu wa simu, anasema nikifungua mdomo watafukuzwa wote na yeye ana familia, na mwanangu mkubwa ameshaambiwa shuleni kwamba baba yake ndiye aliyewanywesha watu uchafu. Niseme au ninyamaze?

Mama wa Wawili

Mama, pole kwa msiba. Huruma yangu naiweka pembeni kidogo, maana bila shaka hata leo asubuhi umesoma namba.

Unadhani unasoma tarakimu tu. Unamtilia mumeo sahihi kwenye maji ambayo hujayaona. Aliyeyaruhusu yuko hai, anapokea mshahara, na lawama anamtupia mtu asiyeweza kujibu. Usiniambie ana familia. Jirani yako naye ana familia, iko wodini. Makao makuu nao wasijitoe: mtu anazikwa, akaunti yake inabaki wazi, na hakuna anayeuliza ni nani anaingia. Walitakiwa kuifunga wiki ile ile, na naibu apewe yake, kwa jina lake, namba ije kwenye simu yake mwenyewe.

Mwambie shemeji leo kwamba unakwenda kusema, ili akitaka kujisemea atangulie. Kisha nenda makao makuu na cheti cha kifo, na ile simu. Usifute ujumbe hata mmoja, maana huo ndio utakaoonyesha kwamba idhini zilitoka wakati mwenye jina yuko kaburini. Sema pia kwamba msomaji ulikuwa wewe. Utaona aibu, na ni haki yako kuiona. Picha zihamishe, laini ifungwe. Mji hautakufa kwa kiu: wakikosa namba asubuhi moja tu, hayo maombi yaliyolala yataamka kabla ya mchana. Na mwanao akae chini asikie ukweli kwako, asiusikie tena shuleni.

Shemeji akipiga kesho, pokea, mwulize hali ya nyumbani kwake, namba usimpe. Akishapata akaunti yake na bado akakupigia kukujulia hali, huyo ni ndugu, mshike. Asipopiga tena, mama, ujue alikuwa anapiga simu ya kazi.