Nusu Saa Yangu ya Kunyamaza

Jumatano usiku

Na vile nilikuwa nimejisifu. Tangu semina ya kina mama nimekuwa nikitenga nusu saa kila asubuhi, simu nimezima, nanyamaza nimsikilize Mungu. Na kila asubuhi mama mkwe anabisha mlango.

"Mama Mghoi."

"Subiri kidogo, Mama, niko kwa maombi."

Juzi nilimjibu hivyo, jana pia. Leo nilifungua nikiwa nimekunja uso. Nikamkuta ameshika ukuta asianguke. Dawa zake za presha ziliisha Jumapili.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea na Mungu. Ningewakatizaje?"

Hakuwa ananikejeli, na hapo ndipo paliniuma.

Nilimpeleka zahanati, wakampima, wakampa dawa. Jioni amekula kimanga chote, ule muhogo wa kupondwa na maharagwe, akalalamika kwamba sikutia chumvi. Nimeshukuru.

Nusu saa yangu siiachi. Lakini kuanzia kesho nitamjulia hali kwanza, na mlango utabaki wazi.

Jana niliandika hapa kwamba nanyamaza na sisikii kitu. Nimekata mstari huo. Nilisikia vizuri sana, tena nikiitwa kwa jina.