Baba Alipoulizwa Kama Nilikuwa Mvivu

Jumatano. Mtaa wetu, Kamwokya, umeamka na mvua, mchana jua likawaka kwa hasira, na sasa jioni hewa ni safi. Nimekaa mlangoni natabasamu peke yangu kama mtu aliyeposwa.

Sijaposwa. Nimetoka kwa daktari.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya kwetu. Baba ni Muacholi, marehemu mama alikuwa Mlugbara, wakakutana kambini, na Kiswahili cha jeshi ndicho walichochumbiana nacho. Furaha ya leo nataka kuiandika kwa lugha niliyogombezewa nayo.

Nianzie mwezi uliopita, la sivyo nitaruka huku na kule.

Mimi ni mhariri wa video za harusi. Bosi wangu ni Njeri, Mkenya wa Nakuru aliyefungua studio hapa Kamwokya. Ijumaa moja nilitakiwa nikarekodi nikahi Kibuli baada ya swala ya mchana. Asubuhi nikajiambia nirekebishe kidogo tu rangi za video ya harusi nyingine, kisha niondoke. Bibi harusi alikuwa ametoka na uso wa kijani kama mgonjwa, nikataka kumrudishia sura yake.

Nilipoinua kichwa, nikahi ilikuwa imekwisha.

Simu ilikuwa ndani ya mkoba, imenyamazishwa. Njeri alikuwa amenipigia mpaka akachoka, akakimbia mwenyewe na kamera ya akiba, akaambulia watu wakipeana mikono na kutafuta viatu vyao. Ile video niliyokuwa naitengeneza ilitoka nzuri ajabu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningeweza vipi kuwa fundi hivi na hovyo hivi, kwa saa zilezile?

Kesho yake nilikwenda kazini nikijua nafukuzwa. Njeri hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakaa, akanipa simu yake.

"Zai, hebu jibu haya maswali. Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe."

"Ni ya nini?"

"Kakangu aliyajibu. Wewe soma tu."

Swali la kwanza lilinichekesha: je, unaanza kazi kwa moto kisha inakushinda ikibaki kidogo tu imalizike? La pili likauliza kama napoteza vitu ninavyovihitaji kila siku. Likaja la watu wanaozungumza nawe uso kwa uso huku maneno yanakupita. La miguu isiyotulia kikaoni. La kukatiza wenzako kabla hawajamaliza sentensi. La miadi inayosahaulika hata ukiipenda.

Kufikia hapo sikuwa nacheka tena. Nilikuwa najifuta macho kwa kitambaa cha kufutia lenzi.

Juu ya ukurasa kulikuwa na herufi nne, ADHD, na maelezo kwamba ni hali ya ubongo inayosumbua umakini na utulivu, inaanza utotoni, na wengi hukua nayo bila kujua. Mimi nilidhani ni ya wavulana wanaopanda juu ya madawati. Sikujua kuna wasichana wanaokaa kimya kabisa huku vichwa vyao ndivyo vinavyopanda madawati.

Chini kabisa waliandika kwamba majibu hayo si hukumu. Yanaonyesha tu kama inafaa umwone mtaalamu.

Kwa hiyo nikaenda. Nilimpata daktari wa afya ya akili kwenye kliniki moja Nakasero, mama mtulivu anayesikiliza bila kuangalia saa. Nilitaka anipe jibu palepale. Badala yake aliniuliza kuhusu usingizi, huzuni, wasiwasi, akanipima damu aone kama tezi ya shingoni inafanya kazi sawasawa, kwa sababu mambo mengi, alisema, huvuruga umakini. Kisha akauliza jambo nililokuwa naliogopa bila kujua.

"Nani alikufahamu vizuri ukiwa mtoto? Nahitaji kumsikia yeye."

Mama angekuwepo, ningejibu kabla hajamaliza. Amebaki Baba.

Msomaji, humjui baba yangu. Ni sajenti mstaafu. Anaishi peke yake Kibuli, na mpaka leo shuka za kitanda chake zimekunjwa kona kama anasubiri kukaguliwa. Mimi nilikulia chini ya mwanamume huyo nikiwa na kiatu kimoja, kwa sababu kingine sikukijua kiko wapi. Jina langu nyumbani lilikuwa "wewe tena."

Nilikuwa na hakika atamwambia daktari mimi ni mvivu, daktari ataamini, na mambo yatakwisha. Afadhali kutojua kuliko kusikia hilo likithibitishwa na mtu mwenye koti jeupe. Nilikaa na hofu hiyo wiki nzima.

Nilipomwambia, alikuwa barazani akipiga kiwi viatu.

"Wewe kichwa nauma?" akauliza.

"Hakiumi, Baba. Kinanisumbua. Daktari anataka kukuuliza nilivyokuwa zamani."

Aliweka brashi chini. Kisha akaingia ndani. Nikadhani amekataa, mpaka nikamsikia akitafuta pasi ya kunyooshea shati.

Leo ametangulia kufika kliniki. Nilimkuta ameketi wima kwenye benchi, shati jeupe, kofia mapajani. Mimi ninayekaa Kamwokya, hapo karibu tu, ndiye niliyechelewa.

Daktari alimsalimu kwa heshima, akamuuliza, "Mzee, Zaitun akiwa na miaka saba, minane, alikuwaje?"

Baba akakohoa. "Daktari, huyu mtoto, mimi nilikuwa natuma yeye kuchota maji. Yeye nasahau jerikeni kwa bomba. Narudi na paka."

Daktari hakucheka. Mimi nilitazama sakafu.

"Na shuleni?"

"Mwalimu alikuwa naita mimi kila mara. Anasema mtoto iko darasani, lakini akili iko dirishani. Lakini redio yangu ikiharibika, huyu nakaa nayo toka asubuhi, hata chakula hataki. Nafungua, nafunga, mpaka naongea."

"Mpaka redio inaongea?"

"Ndiyo, afande."

Alimwita daktari afande. Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Ndipo daktari akauliza swali lenyewe. "Mzee, wewe ulionaje? Alikuwa mvivu?"

Nje mtu alikuwa anarudisha gari nyuma, mwenzake akimwelekeza kwa sauti: lete, lete, lete. Nilishika kiti kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema Baba.

Nikainua kichwa.

"Mvivu mimi najua, daktari. Mimi niliongoza vijana jeshini, mvivu nilikuwa naona toka mbali. Huyu alikuwa natafuta kiatu yake huku nalia. Anajaribu, nashindwa, kesho anajaribu tena. Mvivu halii. Mvivu nalala."

Nimeandika maneno hayo hapa jinsi alivyoyasema, na makosa yake yote ya sarufi, kwa sababu sijawahi kusikia Kiswahili kizuri kuliko hicho.

"Sasa kwa nini alikuwa anapata shida?" daktari akauliza taratibu.

"Hiyo mimi sikujua. Nilikuwa nafikiri ni kichwa ngumu, kama yangu." Akageuza kofia mapajani. "Daktari, hii kitu, mzee naweza kuwa nayo?"

"Mara nyingi hutembea ndani ya familia, mzee."

"Mm." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea ripoti. "Mimi jeshi ilinisaidia. Kule kila kitu iko na saa yake, na mtu wa kupiga filimbi."

Baba yangu. Shuka zilizokunjwa kona, viatu vilivyopangwa, kila kitu mahali pake. Siku zote niliona ni mtu asiyejua kupotea. Kumbe alijijengea uzio ili asipotee.

Daktari akaweka kalamu chini, akaniambia wazi. Ndiyo, ni ADHD, na nimekuwa nayo tangu utoto. Akanieleza kuhusu dawa tutakayojaribu kwa uangalifu, na mazungumzo, na namna ya kupanga siku ili nisitegemee kumbukumbu peke yake. Akasema haitaondoka, ila naweza kuishi nayo vizuri. Hakusema muujiza wowote.

Mimi niliusikia muujiza kwenye kiti cha pembeni, umevaa shati jeupe.

Tulipotoka, Baba alisimama kando ya soko la Nakasero, katikati ya boda boda na wauza maparachichi, akampigia dada yake aliyeko Gulu. Simu ya Baba haijui kunong'ona. Nusu ya soko ilisikia kwamba binti yake amechunguzwa na daktari mkubwa, kwamba ana jina la tatizo lake, na kwamba akili yake ni nyingi mno, inahitaji tu kufungwa kamba. Muuza nyanya mmoja alipiga makofi. Sijui kama alielewa chochote. Niliinama nikamshukuru.

Alasiri nilikwenda studio kumwambia Njeri. Alinikumbatia kwanza, kisha akawa bosi tena.

"Sawa. Miadi na wateja na kurekodi, hayo nitafanya mimi. Wewe kaa kwa uhariri, pale hakuna mtu wa kukushika. Na ukihitaji kukumbushwa, unanishow. Husumbui mtu."

"Na ile nikahi ya Kibuli?"

"Niliwaomba msamaha. Wewe watengenezee hicho kidogo nilichopata."

Nimekitengeneza leo hii hii. Mikono, kanzu, watu wakitafuta viatu wakicheka. Njeri amewatumia, na familia imeshapiga simu wakitaka nakala nyingine za jamaa zao.

Giza linaingia sasa. Miaka yote hii nimekuwa nikijitukana kwa jina ambalo mtu aliyenilea hakuwahi kuliamini. Je, kesho nikisahau sufuria jikoni, maharage yakaungua, nitajiitaje?

Nitajiita Zaitun. Nitazima jiko, nifungue dirisha, niweke maharage mengine.