Maelezo Kuhusu Mateka Wangu Rosalia

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo kidogo cha polisi, Mchinga
Tarehe: Alhamisi, 14 Agosti 2025, saa 3:20 asubuhi
Jina: Sebastiani Haule
Umri: Miaka 63
Kabila: Mngoni
Kazi: Fundi wa redio
Makazi: Mchinga

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Ufundi sikusomea, nilijifunza kwa kuharibu redio za majirani mpaka moja ikakubali kuongea. Nimekaa Mchinga miaka thelathini na moja. Koplo Martina ameniambia niseme kweli tupu na niache utani. La kwanza naliweza. La pili ndilo lililonileta hapa, kwa hiyo nimeomba nilieleze, naye amekubali, ila nisirefushe.

Jirani yangu tuliyepakana naye ua alikuwa marehemu Scholastica, Mmakonde. Sisi Wangoni na Wamakonde ni watani. Babu zetu walipigana, na walipochoka wakaachiana ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Siku ya msiba mtani ndiye mwenye kazi: anazuia jeneza, anateka vitu, anateka hata watu, anadai kuku, mpaka waliofiwa wacheke. Miaka yote hiyo Scholastica aliniita mwizi kila asubuhi, na nilipougua ni yeye aliyeniletea uji.

Mnamo tarehe 11 Februari mwaka huu, kama saa kumi jioni, alifika kwa Scholastica mtoto wa kaka yake aitwaye Rosalia, umri miaka 34, akiwa na binti wa miezi minane mgongoni aitwaye Fortunata. Walitoka ng'ambo ya Ruvuma. Watu wenye silaha waliwachomea kijiji alfajiri. Walipofika mtoni mtumbwi ulijaa wanawake na watoto, mumewe Benjamini akabaki ukingoni. Alimwambia, "Nenda kwa shangazi Mchinga. Nitakufuata huko huko." Simu ya Benjamini haijapatikana tangu siku hiyo. Rosalia alipewa karatasi ya kukaa kwa Scholastica mpaka tarehe 30 Septemba.

Siku nane Rosalia hakusema neno. Alikula, alinyonyesha, alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Siku ya tisa, saa moja asubuhi, nilisimama uani kwangu nikasema kwa sauti ya kufika barabarani, "We binti! Babu zangu walipokuja kuteka huko kwenu walikusahau. Kuanzia leo wewe ni mateka wangu. Niletee maji ninawe."

Scholastica alinitazama kwa jicho baya. Rosalia akalaza ufagio chini. Akasema, "Mngoni, babu zako nao walikimbia vita huko kusini, wakavuka Zambezi bila karatasi. Mkimbizi wa kwanza hapa ni wewe. Maji kachote mwenyewe."

Nilikwenda kuchota. Scholastica aliingia ndani akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Tangu siku hiyo kila asubuhi namuuliza mateka wangu kama amelala salama, naye ananiuliza kama wenzangu wamenitumia nauli ya kurudi kwa Wazulu.

Mnamo tarehe 9 Agosti Scholastica alifariki kwa ugonjwa wa presha. Tulimzika kesho yake, Jumapili, saa tisa alasiri. Nilitimiza wajibu wangu. Nililala kaburini mpaka wakanitoa kwa kunivuta miguu. Nilipotoka nilimwona Rosalia amesimama peke yake, anatazama lile shimo kama mtu aliyerudi kule mtoni. Nikamshika mkono nikatangaza, "Mwenye nyumba ameondoka, huyu amebaki kwangu! Haendi popote mpaka nipewe jogoo, tena mwekundu!" Watu walicheka. Rosalia alicheka huku analia, kamasi zikamtoka. Koplo amesema kamasi hazina umuhimu katika shauri hili. Nimeomba ziandikwe, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazitafuta.

Pale msibani alikuwepo binti Nusaiba, ofisa wa shirika moja linalohudumia watu waliokimbia vita. Amekulia Muscat na ana wiki mbili tu hapa kwetu. Huko alikokulia, kwa jinsi alivyonitazama, watu hawalali kaburini wakiwa hai.

Mnamo tarehe 12 Agosti, saa nne asubuhi, alikuja na daftari. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Akamvuta Rosalia pembeni, hatua kama kumi, ila masikio yangu ni ya fundi redio.

"Dada, usiogope. Huyu mzee anakushikilia?"

"Tangu enzi za babu zake."

"Amekudai kitu?"

"Jogoo. Na mweupe hataki."

"Anakufanyisha kazi?"

"Ananichosha, mdogo wangu. Hata leo ameamka anataka maji."

Mimi nilicheka kule nilikokuwa. Rosalia akacheka pia. Nusaiba aliandika yote, wala hakucheka. Hapo ndipo tulipokosea sisi wawili. Tulidhani kila anayesikia utani anajua kuwa ni utani.

Saa nane mchana alirudi na gari la shirika, akiwa amekwisha kunishtaki hapa kituoni. Rosalia aliambiwa afunge mzigo, kwamba Ijumaa tarehe 15, yaani kesho, atahamishiwa kambini mkoa wa Kigoma kwa usalama wake. Kicheko kilikwisha. Alikaa chini mlangoni akasema, "Babu, Benjamini hajui Kigoma. Anajua Mchinga tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita babu. Sikupenda kabisa.

Sisemi binti Nusaiba amefanya vibaya. Mwanamke amekimbia bunduki, mwenyeji wake amekufa, na mzee jirani anamshika mkono mbele za watu akidai kuku. Aliyesikia hayo akapita kimya ndiye aliyefaa kuitwa kituoni. Ninachosema ni kwamba Rosalia si mateka wa mtu. Ufunguo wa nyumba anao yeye. Mimi ndani ya nyumba ile sijaingia. Redio yao niliitengenezea kizingitini. Tangu siku ya mazishi jirani yetu Bi Saida analala naye, na yuko tayari kuja kueleza. Kama kuna wa kuhamishwa ili Rosalia abaki, nihamishwe mimi. Redio zipo hata Kigoma.

Koplo amesema maelezo haya yatakwenda Lindi, na nakala nyingine itakwenda kwenye shirika. Kwa kuwa karatasi za polisi hufika mbali kuliko sauti yangu, naomba yaongezwe haya. Benjamini ana miaka 36, mrefu, seremala, mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Anasema Kimakonde na Kireno. Kiswahili chake ni cha kukwaruza. Akionekana amepitilizwa na basi mpaka Nangurukuru, au popote pale anaulizia Mchinga, aelekezwe nyumba ya mlango wa bluu, jirani na fundi redio. Aambiwe mkewe yupo na mtoto sasa anatembea. Aambiwe pia mapema kuwa mimi nitamteka na kumdai jogoo wake, asije akakimbia tena.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa, nimeyakubali, na sijalazimishwa na mtu, isipokuwa kufupisha.

Sahihi: S. Haule

MAELEZO YA OFISA

Nimeyaandika mimi, Koplo Martina, na kumaliza saa 5:05 asubuhi. Kabla shahidi hajaondoka, Rosalia alifika kituoni na mtoto wake, pamoja na Nusaiba. Aliyembeba jogoo ni Nusaiba. Alisema amezunguka kijiji jana kutwa kuuliza habari za utani, na leo asubuhi kutafuta jogoo mwekundu. Ameyasoma maelezo haya mara mbili, kisha akapiga simu ofisini kwake mbele yangu. Safari ya kesho imefutwa. Rosalia atabaki Mchinga akiwa chini ya uangalizi wa Bi Saida, naye Nusaiba atafuatilia karatasi yake iongezwe muda. Habari za Benjamini nimezituma Nangurukuru, Lindi na vituo vya mpakani.

Jogoo alikabidhiwa kwa shahidi. Shahidi alimgeuza, akaonyesha manyoya mawili meupe mkiani, akasema jogoo hakubaliki na mateka bado ni wake. Rosalia alimjibu. Jibu lake sikuliandika, kwa kuwa hapa ni ofisi ya serikali.